Jinsi Wizara Ilivyowamaliza Wagonjwa

Iko nchi moja, wenyewe wanaijua na majirani zao wanaijua zaidi, ambako mtu hawi mtu mpaka mashine ikubali. Mashine hiyo inaitwa Kumbukumbu Kuu, na inakaa katika jengo lenye ubaridi kuliko jengo lolote la serikali, chumba cha maiti kikiwamo. Ndani yake kila aina ya raia ina kasha lake. Kuna kasha la wakulima, la walimu, la wastaafu, la wagonjwa, na kasha la wazalendo, ambalo ni kubwa kuliko yote kwa kuwa mtu huingizwa humo bila kuulizwa. Ofisa akitaka habari za watu fulani, huandika jina la kasha lao, hubonyeza, na mashine humfungulia. Akikosea hata herufi moja, mashine humjibu kwa neno moja tu: HAKUNA.

Haisemi hakuna nini, wala kwa nini. Na kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inatamka wazi kwamba kauli ya Kumbukumbu Kuu ni kauli ya serikali, na kauli ya serikali haina rufaa, basi ikisema hakuna, hakuna.

Asubuhi moja karani wa Wizara ya Afya, akiwa ameshika andazi kwa mkono wa kulia kama adabu inavyotaka, aliandika kwa mkono wa kushoto neno "wagojwa". Mashine ikajibu HAKUNA. Karani alimaliza andazi lake, akalipeleka jibu kwa mkuu wake, mkuu akalipeleka kwa katibu, na katibu akalipeleka mbio kwa Waziri. Waziri huyo, Mheshimiwa Daktari Ngulumbi, alikuwa daktari kwa heshima ya chuo alichokianzisha mwenyewe, akakizindua mwenyewe, na kukifunga mwenyewe wiki aliyopata shahada. Alilisoma lile neno, akavua miwani, akalia kwa furaha. Kesho yake akasimama bungeni.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "mataifa makubwa yanapambana na maradhi. Sisi tumeshamaliza kupambana. Nchi hii haina mgonjwa."

Wabunge waligonga meza mpaka moja ikapasuka. Mheshimiwa Ngulumbi alivishwa nishani pana kama sahani ya pilau. Wodi ziligeuzwa kumbi za semina, na vitanda vikapelekwa kwenye hoteli za watu ambao haingefaa kuwataja. Wizara nyingine, zilipoona nishani, zikaanza kujifunza kuandika. Wizara ya Kazi iliandika "wasio na ajra", ukosefu wa kazi ukaisha mchana ule ule. Wizara ya Hazina iliandika "wastafu", na taifa likatangaziwa kwamba limeushinda uzee. Waziri wa Magereza naye alijaribu, lakini kwa bahati mbaya akaandika sawasawa, na wafungwa wote wakatokea kwenye kioo cha mashine pamoja na makosa waliyosingiziwa. Alihamishiwa ubalozi wa mbali.

*

Katika jengo lile la ubaridi alikuwapo mhandisi wa programu aitwaye Sikitu Malogo. Kazi yake ilikuwa kuyatazama maswali yanayoingia kwenye mashine na kuhakikisha majibu yanatoka. Swali la Wizara ya Afya aliliona jioni ile ile, akaona na ile "n" iliyokosekana, akacheka peke yake. Alidhani mtu angelisahihisha asubuhi. Nishani ilipovishwa kwenye televisheni ya ofisini, Sikitu alipiga makofi pamoja na wenzake, kwa sababu asiyepiga makofi alikuwa akiandikwa jina. Hakuona kwamba jambo lile lilimhusu.

Lilimhusu wiki iliyofuata. Sikitu alikuwa amelelewa na mama yake mdogo, Bi Mwatatu, mwanamke mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye uhai wake ulitegemea dawa ya sindano aliyopewa bure katika hospitali ya mkoa. Bi Mwatatu alikwenda hospitali na kadi yake kama kawaida. Dirishani alimkuta Bi Tausi, karani waliyefahamiana kwa salamu za miaka. Bi Tausi aliandika kama wizara ilivyoelekeza, kwa tahajia ya wizara, kisha akamgeuzia kioo ili ajionee. Hakuna.

Bi Mwatatu hakubishana na kioo. Alivua kiatu akaonyesha kidonda cha mguuni, kilichokuwa kimeanza kutoa harufu.

"Pole sana, mama," Bi Tausi alimwambia, na kweli machozi yalimlengalenga. "Lakini hicho hatuwezi kukiita kidonda. Kidonda ni cha mgonjwa."

Kwa siku chache Sikitu alimnunulia dawa kwenye duka la mtu binafsi. Kisha maduka ya dawa yakafungwa yote, kwa hoja kwamba kuuza dawa katika nchi isiyo na mgonjwa ni uchochezi. Bi Mwatatu akaanza kunywa maji kupita kiasi, akakonda, na akawa akilala mchana kwa usingizi ambao Sikitu hakuupenda. Kila alipoulizwa hali, alijibu kwamba kwa mujibu wa serikali ni mzima kabisa.

Ndipo Sikitu alipokwenda kwa mkurugenzi wake, Bwana Mapande, mtu aliyedumu katika cheo chini ya mawaziri wengi kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya yeyote kati yao. Alimweleza kwamba jibu la mashine halitoshi. Mtu akikosea herufi aambiwe amekosea nini, na aonyeshwe jina lililo karibu.

"Mashine imekosea?" aliuliza Mapande.

"Hapana, mkurugenzi. Kidole kimekosea."

"Kidole cha karani. Kwa hiyo kidole cha wizara. Kwa hiyo kidole cha Waziri. Kwa hiyo, Sikitu, kidole cha nani?"

Akainua macho taratibu mpaka kwenye picha ya Mtukufu Rais iliyoning'inia ukutani. Sikitu naye akaitazama. Kisha, na baadaye alijichukia kwa hilo, akasema kwamba hakuna kidole kilichokosea.

"Unaielewa kazi," alisema Mapande, akamruhusu atoke.

*

Kilichomwokoa Bi Mwatatu hakikuwa huruma ya mtu. Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa kwa Mtukufu Rais.

Wapambe walikuwa wamepanga kwamba siku hiyo, mbele ya mabalozi, Mtukufu aifungue Kumbukumbu Kuu kwa mkono wake na kuyasoma makuu yake yaliyohifadhiwa humo. Kasha lake liliitwa "mwanga wa taifa". Mtukufu alikunja mikono ya kanzu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku bendi ikipiga. Aliandika "mwaga wa taifa". Na kwenye kioo kipana kama ukuta, mbele ya mabalozi, neno likatokea: HAKUNA.

Bendi ilinyamaza, mpiga tarumbeta akiwa wa mwisho. Mtukufu Rais aliitazama mikono yake. Akalishika tumbo lake, akalikuta lipo, akatulia kidogo. Mwanasheria Mkuu alianza kutokwa na jasho, maana kwa sheria aliyoiandika mwenyewe, nchi wakati huo haikuwa na rais. Makamu wa Rais, ambaye kwa kawaida alikaa amejikunyata, alionekana akikaa wima. Wote waliona kosa liko wapi, hata balozi aliyekuwa na wiki moja nchini, na hakuna aliyethubutu kumwambia mkuu wa nchi kwamba amekosea herufi.

Mapande alimsukuma Sikitu mbele. Sikitu, macho yakiwa chini, alisema kwamba mashine inajua Mtukufu alimaanisha nini, ila haijafundishwa namna ya kusema. Ikifundishwa, itadokeza.

"Ifundisheni," alisema Mtukufu Rais, akaigeukia keki.

Amri ilikuwa fupi na haikusema ifundishwe kumdokeza nani. Sikitu aliamua kwamba ni kila mtu, na safari hii hakuuliza.

Alifanya kazi ile kwa moyo ambao hakuwa nao tangu aajiriwe. Alifikiria mlinzi mzuri wa mlango wa ofisi. Mgeni anafika anamuulizia Bwana Shabni. Mlinzi mbaya anasema hayupo na kurudi kwenye gazeti, lakini mlinzi mzuri anasema, hapa Shabni hatuna, labda unamtafuta Shabani, mlango wa tatu. Hivyo ndivyo alivyotaka mashine iwe. Irudie kile mtu alichoandika, ili aone mwenyewe palipoharibika. Imletee jina lililo karibu zaidi kwa herufi, iwe herufi imerukwa, imezidi au imepishana. Isimfungulie kasha kwa kukisia. Imuulize tu, aamue mwenyewe. Na pasipokuwa na jina linalokaribiana, ikiri haijui, kuliko kumpeleka mtu asikotaka kwenda. Zilikuwa sentensi mbili tu. Alipozijaribu na kuona "Hakuna kasha 'wagojwa'. Je, ulikusudia 'wagonjwa'?" alikaa akiitazama ile herufi moja iliyoongezeka kama mtu anayemtazama mtoto aliyepona.

*

Serikali haiwezi kuziacha sentensi mbili zikapita hivi hivi. Iliundwa Kamati ya Taifa ya Dokezo, yenye jenerali mstaafu, mwanasheria, mshairi wa Ikulu, na wajumbe wengine waliochaguliwa kwa kuwa walikuwa wameachwa kwenye kamati iliyotangulia. Jenerali alikataa katakata maneno "Je, ulikusudia". Ofisa wa serikali, alisema, haulizwi amekusudia nini. Hata vitani yeye hakuwahi kuulizwa. Mwanasheria alitaka kabla ya dokezo itamkwe kwamba aliyeandika hakukosea, na kwamba tofauti iliyopo kati ya alichoandika na kilicho sahihi ni kasoro ya kilicho sahihi. Mshairi alitaka vina.

Baada ya semina katika hoteli zote zenye vitanda vya hospitali, kamati ilitoa utangulizi uliosomeka hivi: "Mheshimiwa Mtumiaji, kwa unyenyekevu mkuu, na bila kukusudia kwa namna yoyote kukosoa elimu, cheo, kidole wala ukoo wako, Kumbukumbu Kuu, chini ya uongozi usiochuja wa Mtukufu Rais..." Uliendelea hivyo kwa kurasa kadhaa, ukiwashukuru wajumbe mmoja mmoja na wake zao. Sentensi mbili za Sikitu walipanga kuzijadili mwishoni, lakini mwishoni chai ililetwa, yenye sambusa za nyama, na zikabaki mkiani kama zilivyokuwa.

Sasa, vioo vya ofisi za wilaya na mikoa vilikuwa vidogo na vikuukuu. Utangulizi wa kamati ulipotokea kwenye vioo hivyo, ulipanda mbio ukapitiliza ukingo wa juu, ukapotea wote pamoja na wajumbe na wake zao, mpaka karani akabaki anaona mstari wa mwisho tu. Sikitu alilitambua hilo mapema. Hakumwambia mtu.

Jumatatu dokezo lilipowashwa, Bi Tausi aliandika dirishani kama alivyoelekezwa na wizara. Mashine ikamuuliza kama alikusudia wagonjwa. Bi Tausi aliisoma, akatazama nyuma yake kama kuna anayemwona, kisha akaandika ile "n". Kasha likafunguka. Majina yakashuka kwenye kioo kama mvua, na jina la Bi Mwatatu lilikuwamo, na dawa yake, na kipimo chake. Alichomwa sindano yake mchana ule. Jioni Sikitu alimkuta amelala mdomo wazi, usingizi wa kawaida wa mtu aliyechoka, akakaa kando ya kitanda akiusikiliza.

Ikawa hivyo nchi nzima. Wasio na ajira walirudi, wazee wakarudi, wagonjwa wakazijaza kumbi za semina wakidai vitanda.

*

Mheshimiwa Ngulumbi alirudi bungeni akiwa amevaa suti nyeusi. Alikuwa na mchoro mkubwa wenye mstari uliolala chini muda mrefu, kisha Jumatatu ukapanda kama mnazi.

"Kabla ya dokezo, nchi ilikuwa haina mgonjwa," alisema. "Baada ya dokezo, wamejaa nchi nzima. Sisi watu wa tiba tunajua hiyo inaitwa nini. Inaitwa chanzo cha maambukizi."

Sikitu aliitwa mbele ya Baraza la Mawaziri. Aliwekewa kiti kifupi kuliko vya wengine, magoti yakamfika kifuani. Mapande, alipoulizwa kama anamfahamu, alisema amewahi kumwona kwenye lifti. Mtukufu Rais alikuwa mwisho wa meza, akisinzia kwa mamlaka.

Ngulumbi alizungumza kwa upole wa mtu mwenye askari mlangoni. Serikali, alisema, haikusudii kumwadhibu msomi. Dokezo linaweza kubaki. Lifanyiwe tu marekebisho madogo: mtu akiandika "wagojwa", mashine imuulize kama alikusudia "wenye afya njema". Akiandika "wasio na ajra", imuulize kama alikusudia "wawekezaji".

Sikitu alisema majina hayo hayafanani.

"Yanafanana kwa uzalendo," alisema Ngulumbi, na mawaziri wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Akamsogezea kibodi juu ya meza. "Andika hapa hapa, mwanangu. Kisha uende nyumbani."

Sikitu alijua kwamba kubonyeza vile vitufe ni kazi ya muda wa kunywa chai, na kwamba akifanya hivyo mshahara utaendelea, na jina lake litabaki kwenye kasha la watumishi. Alikumbuka pia alivyopiga makofi siku ya nishani. Akakirudisha kibodi upande wa Waziri, si kwa nguvu.

"Mheshimiwa, mtu akiniuliza njia ya hospitali, siwezi kumpeleka uwanja wa mpira kwa sababu kule watu wana furaha zaidi. Nikifanya hivyo, hilo si dokezo tena. Ni kumpoteza mtu. Andika wewe."

Ngulumbi alikitazama kibodi. Ilidhihirika kwa wote kwamba hajui aanzie wapi, nao wote wakageuka kutazama dirishani kwa heshima.

Mtukufu Rais alizinduka akauliza kama dokezo lake yeye litaendelea kuwapo. Akahakikishiwa litaendelea. Akasema basi haoni tatizo, akasinzia tena. Ikaamuliwa hivi: dokezo libaki kwa mtu mmoja tu nchini, na wengine wote warudishiwe HAKUNA yao. Sikitu afukuzwe kazi. Na ili kasha la wagonjwa lisifikiwe tena na mtu kwa kubahatisha, lipewe jina jipya. Kamati ya Taifa ya Dokezo ililitunga siku ile ile, mshairi akiwa ndiye aliyetia maneno mengi: "wananchi walio katika mapumziko ya kizalendo kabla ya kurejea katika ujenzi wa taifa". Likikosewa herufi moja, hakuna kasha.

Ilikuwa hila nzuri, na ingefaulu katika nchi yenye viongozi wanaojua kunyamaza. Lakini Mtukufu Rais alilipenda lile jina. Alilisoma mwenyewe redioni kwa sauti nzito, akaamuru lisomwe kabla ya kila taarifa ya habari, kwaya ya jeshi ikalitungia wimbo. Watoto waliliimba wakiruka kamba. Sikitu, akiwa nyumbani bila kazi, alimfundisha Bi Mwatatu kulikata vipande vitatu ili asichanganye, na Bi Mwatatu akawafundisha wenzake wa foleni, wakawa wanaulizana kila mtu kipande chake wakisubiri zamu.

Serikali ilipopata habari, ilitunga kosa jipya: kumdokeza ofisa wa umma akiwa kazini. Kifungo chake kilikuwa kirefu kuliko cha wizi. Kila dirisha la hospitali likawekewa askari, kazi yake kutazama midomo ya watu.

*

Sikitu alimsindikiza mama yake mdogo siku ya dawa. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, na ilikuwa kimya kama watu wako msibani. Askari alisimama kando ya dirisha, mwanamume mnene wa makamo, akihema kwa shida kidogo katika joto lile. Bi Tausi alikuwa akiandika lile jina refu. Mashine ikajibu HAKUNA. Akafuta, akaandika tena, akinong'ona silabi kwa silabi. HAKUNA. Mzee aliyekuwa mbele ya foleni alishika ukingo wa dirisha asianguke. Bi Tausi alijaribu tena, kijasho kikimshuka puani, na mashine haikubadili neno.

Sikitu aliona pale kosa lilipo. Alifungua mdomo, na askari akageuka akamtazama.

Bi Tausi akaondoa vidole kwenye vitufe. Aliwatazama watu wote wa foleni ile, mmoja baada ya mwingine, watu aliokuwa akiwaambia kwa miezi kwamba hawapo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Baada ya 'kizalendo' kinafuata nini?"

Bi Mwatatu akasogea mbele kwa mguu wake uliofungwa bendeji, akasema, "Kabla ya kurejea." Mzee aliyeshika dirisha akasema naye. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema. Foleni nzima ikadakia, mpaka wale wa nje kwenye jua kali, kila mmoja kwa sauti yake, wengine kwa tuni ya kwaya ya jeshi kwa kuwa hawakulijua kwa namna nyingine, na Bi Tausi akaandika nyuma yao, herufi kwa herufi.

Aliyemaliza wa kwanza alikuwa askari. Alitamka "ujenzi wa taifa" kabla ya wote, wazi, bila kukosea, akakohoa kikohozi kirefu. Kisha akavua kofia, akainama kwenye dirisha, akauliza kama hapo wanatoa na dawa ya pumu.